Nani Atapanda Juu ya Paa? Safari ya Hospitali za Kale, Unguja hadi Tanga

Jumatatu, Unguja

Niendako ni Tanga. Huko, ndani ya eneo la Hospitali ya Bombo, juu ya jabali linalotazama ghuba, limesimama jengo la hospitali ya Mjerumani ambalo watu wanaliita Cliff Block. Wagonjwa walishahama zamani, wodi ni tupu, na kila baada ya muda zinasikika habari kwamba litakarabatiwa, au litakuwa makumbusho, au litageuzwa kitu kingine. Nimeamua kutokwenda moja kwa moja. Pwani yetu ina hospitali nyingine za zama zile zile, kila moja na majaaliwa yake: moja iliachwa ikaokolewa, moja haikuachwa kamwe, moja haipo tena. Nikishaziona hizo ndipo nitajua niiulize nini ile ya Tanga.

Ya kwanza ni hii ya Mizingani, Dispensari ya Zamani, hatua chache kutoka bandarini. Kila anayeshuka kwenye boti huipita, mara nyingi akiwa anapatana bei na dereva wa teksi.

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Wengine wakisimama hapa hutazama roshani zake, mbao zilizochongwa kwa subira na vioo vya rangi. Mimi macho yangu huanzia juu: paa linamwaga wapi, gata zimefungwa vipi, maji yakifika chini yanaelekea wapi. Ni tabia inayowachosha wenzangu nikisafiri nao, ndiyo maana leo niko peke yangu.

Historia ya jengo hili ilianza na nia njema. Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyetokea Kutch, India, na ambaye wakati fulani alikuwa mkubwa wa forodha ya Zanzibar, alianza kulijenga mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya kutawala. Alikusudia hospitali ya maskini. Akafariki mwaka 1891 kabla ya kuiona imekwisha. Mjane wake akaendelea na ujenzi hadi 1894. Jengo likasimama, zuri kupita kiasi, lakini hospitali iliyokusudiwa haikupatikana. Kujenga ni gharama ya mara moja. Kulipa daktari, dawa, mafuta ya taa na mfuaji wa mashuka ni gharama ya kila mwezi, na hiyo ndiyo inayoua nia njema nyingi. Baadaye likanunuliwa kwa jina la tajiri mwingine wa Kihindi, Haji Nasser Nurmohamed, chini ikawa dispensari na juu makazi ya watu. Kwa miongo mingi lilifanya kazi hiyo ndogo, na kazi ndogo ikalitunza.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziliondoka, dispensari ikafa, na kufikia miaka ya 1980 jengo lilikuwa limechoka kabisa. Mwaka 1990 Shirika la Utamaduni la Aga Khan lilipewa dhamana ya jengo, na ukarabati ulikamilika mwaka 1996.

Nimekaa barazani na mzee mmoja seremala anayezijua kazi za aina hii. Nilimwuliza roshani iliyooza unaanzaje kuitengeneza. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kipande cha chaki mfukoni, akaandika namba kwenye ubao wa benchi tulilokalia, akaandika nyingine kwenye ubao wa pili. "Unazishusha zote zikiwa na namba. Kila kipande kinarudi alipokiweka aliyekichonga. Palipooza unakata palipooza tu, unaunga. Fundi asiye na haya hutupa chote akachonga kipya, halafu anasema amekarabati." Akafuta namba zake kwa kiganja.

Jioni nimepita Forodhani kuitazama Beit al-Ajaib, au kilichobaki chake. Sultan Barghash aliijenga mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafariki. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985 na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Ikiwa hapa, penye mamlaka, orodha na watalii, jumba mashuhuri kuliko yote linaweza kuanguka mchana kweupe, basi jengo lisilo na yeyote kati ya hao liko katika hali gani?

Jumanne, Dar es Salaam

Boti ya asubuhi. Unapoingia kwenye mlango wa bandari ya Dar, tazama kulia: kabla ya Ikulu na soko la samaki utaona majengo meupe yenye kuba kati ya miti. Hiyo ni Ocean Road.

Wajerumani waliimaliza mwaka 1897. Waliiweka pale kwa sababu ya upepo. Wakati ule elimu ya vijidudu ilikuwa changa na wengi bado waliamini kwamba hewa mbaya ndiyo inayoleta homa, kwa hiyo hospitali nzuri ilikuwa ile yenye veranda pana, dari refu na madirisha yanayotazamana. Kinachofurahisha ni kwamba Robert Koch mwenyewe, bingwa wa vijidudu, alikuja kufanya utafiti wa malaria Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo. Hospitali iliyojengwa kwa imani ya zamani ikampokea mtu aliyekuwa anaizika imani hiyo. Veranda hazikupoteza kitu: hewa safi inamfaa mgonjwa hata kama siyo iliyomwambukiza.

Ilikuwa hospitali ya Wazungu, chini ya Mjerumani na baadaye chini ya Mwingereza. Baada ya uhuru ikawa ya wazazi, na wapo watu wazima wengi wa Dar ambao ukiwauliza wamezaliwa wapi wanakujibu "Ocean Road" kwa fahari kidogo. Sasa ni taasisi ya saratani, iliyoundwa kisheria mwaka 1996.

Sikuomba kuingia ndani. Hospitali ya saratani si mahali pa mtu mwenye daftari kuzurura akichungulia dari. Nimekaa nje, upande wa bahari, pamoja na ndugu za wagonjwa waliokuja kutoka mbali. Mama mmoja aliyeketi kwenye khanga alinikaribisha nisogee kivulini, akaniuliza nani wangu analazwa. Nilipomwambia nimekuja kutazama jengo alicheka. "Jengo? Mwanangu, hilo halijaugua." Kisha akaligeukia na kulitazama, naona kwa mara ya kwanza. "Ila ni zuri, kweli."

Mashine za mionzi zinahitaji vyumba vyenye kuta nene za zege ambazo jengo la 1897 haliwezi kuzibeba. Kwa hiyo teknolojia mpya imejengewa majengo yake pembeni, na la zamani likaachiwa kazi linazoziweza. Nadhani hiyo ndiyo siri nzima ya Ocean Road. Hakuna aliyelazimisha jengo la kale liwe la kisasa, na hakuna aliyelihama kwa sababu si la kisasa. Wagonjwa hawakuondoka, kwa hiyo kila paa lilipovuja kulikuwa na mtu aliyelowa, na aliyelowa hulalamika.

Jumatano, Dar es Salaam

Hospitali ya tatu huwezi kuitembelea. Ilipewa jina la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyejitajirisha kwa kuwapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi. Alitoa fedha ili Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam, waliokuwa hawapokelewi kule kwenye veranda za ufukweni, nao wapate pa kutibiwa. Alifariki mwaka 1897. Bagamoyo nako aliacha shule.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, na ile ya Sewa Haji ikawa haina kazi tena. Ilivunjwa. Kilichobaki ni jina, kwenye jengo moja la wodi: Sewahaji, jirani na Mwaisela na Kibasila. Leo mchana nimesimama kwenye njia ya Muhimbili nikasikia kijana mwenye hotipoti akielekezwa, "Nenda Sewahaji, panda ngazi." Hakuuliza Sewahaji ni nani, na hakuwa na sababu ya kuuliza, chakula kilikuwa kinapoa.

Jengo la Wazungu lipo, jengo la Waafrika na Wahindi halipo. Ndivyo ilivyo karibu kila mji wa pwani, na ukitaka kuhifadhi kilichobaki lazima ukubali kwamba kilichobaki hakikuchaguliwa kwa haki.

Alhamisi, njiani

Kutoka kituo cha daladala cha Makumbusho hadi Bagamoyo, nikiwa nimebanwa dirishani na gunia la mtu.

Bagamoyo nimekaa muda mfupi tu. Nilitaka kuliona Boma, jengo la utawala la Mjerumani la mwaka 1897, ambalo mvua za El Niño za 1997/98 ziliangusha sehemu yake. Miaka mia moja likisimama, msimu mmoja likaporomoka. Watu husema "mvua imeangusha jengo," na magazeti huandika hivyo hivyo. Mvua ndiyo iliyomaliza kazi. Iliyoianza ni miaka ambayo hakuna aliyepanda juu kuziba tundu la ukubwa wa kiganja.

Kutoka hapo gari hadi Msata, na Msata nikadandia basi la Tanga. Njiani nimepata muda wa kuisoma tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo nilikuwa nimeipakua kwenye simu. Ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979, na inatumika Bara tu. Zanzibar ina zake. Mambo yake yanashangaza ukiyatazama kwa jicho la hospitali. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa moja kwa moja. Jengo lililojengwa kabla ya 1886, vivyo hivyo. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya 1940.

Sasa fanya hesabu. Mjerumani alianza kujenga kwa bidii pwani hii katika miaka ya 1890. Kwa hiyo karibu kila alichojenga kimeangukia upande usiolindwa wa mstari wa 1886. Mlango wa kuchonga wa mwaka 1930 kwenye nyumba ya kawaida una ulinzi wa sheria kwa kuzaliwa. Hospitali nzima iliyojengwa miaka thelathini kabla yake haina, mpaka waziri aitangaze kwa jina. Siilaumu sheria. Mwaka 1964 nchi ilikuwa imetoka tu kwenye utawala wa kigeni, na nani angetaka kutumia wino wa kwanza wa uhuru kulinda hospitali ya Mzungu? Lakini mstari umebaki pale pale, na majengo yale yametimiza miaka mia na ushee.

Segera basi limesimama, watu wakashuka kunyoosha miguu. Muheza machungwa yakapanda kupitia madirishani. Tanga tumeingia giza limeshatanda.

Ijumaa, Tanga

Mji huu ulijengwa kwa haraka, na mitaa yake inaonyesha. Reli ilianza kutandikwa kutoka hapa mwaka 1893, ya kwanza katika nchi hii. Mwaka huo huo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge. Inasimuliwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyoagizwa ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoulisha mkoa mzima. Bandari, reli na mashamba vilileta maofisa, mameneja na mahandisi, na mbu wakawapokea. Hospitali haikuwa hisani. Ilikuwa sehemu ya mtambo ule ule: bila kwinini na vitanda, reli isingefika Moshi.

Asubuhi nimetembelea makumbusho yaliyo kwenye boma la zamani. Picha za zamani ni nyingi, na watu wanaoyaendesha wanajua wanachokisema. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mji wenye watu wanaozijua nyumba zake una nusu ya mtaji.

Mchana nimepelekwa Ngamiani kwa bibi mmoja aliyekuwa nesi Bombo ujanani mwake. Nimemkuta barazani akichambua mchele. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu, kahawa au chai. Tanga huulizi swali lako kabla ya kikombe cha kwanza kwisha.

Nilipolitaja jengo la jabalini aliweka ungo pembeni.

"Upepo," akasema. "Upepo wa pale hauna mfano. Mgonjwa wa homa ukimtoa ukumbini jioni, kabla hujampa dawa ameshapata nafuu ya roho. Lakini ngazi! Mnasifu jengo nyie, mmewahi kupandisha mtu kwa machela ngazi zile? Wawili mbele, wawili nyuma, na mgonjwa anakushika mkono anasema nesi nitaanguka."

Nikamwuliza kama halikumkera kufanya kazi kwenye jengo ambalo bibi yake asingepokelewa kama mgonjwa. Alifikiri.

"Bibi yangu asingepokelewa, kweli. Pengine angeingia kufagia. Mimi nikaingia na kofia nyeupe na saa kifuani, na daktari Mzungu ananiuliza mimi mgonjwa kaamkaje. Sasa hilo jengo ni la nani? Aliyelijenga au mimi?"

Sikuwa na la kuongeza. Tangu hapo nimeacha kuliita "jengo la Mjerumani" ninapozungumza. Naandika hivyo tu inapobidi kusema nani alilipa mafundi.

Nilimwambia kuna wanaofikiria hoteli. Akarudi kwenye ungo wake. "Hoteli! Mgeni alale kitanda kilichotoka maiti? Labda wasimwambie." Kisha akacheka mwenyewe, hadi mjukuu wake akatoka ndani kuangalia kuna nini.

Jumamosi, Tanga

Nimejieleza, nimepata ruhusa ya kutazama kwa nje nikiwa na mwenyeji, bila kupiga picha upande walipo wagonjwa. Sawa kabisa. Nilikuwa pamoja na fundi mwashi wa hapa Tanga, mtu wa chokaa, wa aina ambayo imekuwa adimu.

Kwanza lilivyokaa. Mtu aliyechagua kiwanja hiki alijua kazi yake. Jengo linatazama ghuba, pasi na kitu kati yake na pepo za bahari, na veranda zake zimeelekezwa huko. Ukisimama chini yake unaona ukubwa, na kwa dakika chache unasahau kwamba ni tupu. Kisha unaanza kuona kijani mahali ambapo pasingekuwa na kijani.

Tuliutumia muda mrefu kwenye kona moja tu. Juu, palipokuwa na gata, maji yalikosa njia na yakaanza kushuka ukutani. Unaona mchirizi mweusi, mpana juu na mwembamba chini. Katikati ya mchirizi kuna ufa, na ndani ya ufa umeota mkuyu. Ndege alikula tunda mahali pengine akaja kutua hapa. Mbegu ikapata unyevu na chokaa iliyolegea, basi. Majani yake ni ya kung'aa, manene, yenye afya kuliko ya mti wowote bustanini. Mizizi yake imeshuka kama urefu wa mtu mzima ikifuata viungo vya mawe, na mahali pamoja mzizi mmoja umeingia ndani na kutokea tena chini ukiwa mnene zaidi. Fundi aliugusa kwa kucha. "Huu ukiukata bila dawa unarudi na hasira. Ukiung'oa kwa nguvu unakuja na ukuta. Unaukata, unaua shina, unasubiri ukauke, ndipo unatoa kidogo kidogo na kujaza nyuma yake." Ni kazi ya miezi, kwa mche ambao mwaka wa kwanza mtoto angeung'oa kwa vidole viwili.

Jambo la pili ni viraka. Kuta za kale za pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: maji yakiingia, yanatoka. Mtu akija kupiga lipu ya saruji juu yake, kwa nia njema kabisa, amefunga mlango wa kutokea. Unyevu unabaki ndani, chumvi ya bahari inakusanyika nyuma ya lipu, na siku moja lipu inadondoka na uso wa jiwe. Gonga kiraka cha saruji kwa kifundo cha kidole kwenye nyumba yoyote ya kale ya pwani: mara nyingi utasikia uwazi.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine. Wajenzi wa zama za Mjerumani walipenda kuingiza boriti za chuma sakafuni na kwenye veranda, tofauti na nyumba za Mji Mkongwe ambako boriti ni za mikoko na ndizo zinazoamua chumba kisizidi upana wa kama mita tatu. Chuma kiliwapa vyumba vipana, wodi za kuweka vitanda pande mbili. Lakini chuma kikipata kutu huvimba, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa. Inapasua jiwe kutoka ndani, na huwezi kuiona mpaka ufa utokeze. Kwa hiyo mtu akisema jengo la aina hii "bado imara, wazee walijenga," muulize amepima boriti? Uimara wa ukuta hausemi chochote juu ya sakafu inayoubeba au inayobebwa nao.

Pembeni, hospitali inaendelea na kazi zake. Watu wanaingia na kutoka na kadi mkononi, pikipiki zinashusha wajawazito. Nikiwa nimesimama kati ya pande hizo mbili ndipo nikauona ugumu wenyewe, na si wa Tanga peke yake. Jengo tupu la hospitali likiwa ndani ya hospitali hai, mwenye kiwanja ni mtu wa afya. Kila shilingi aliyonayo ina mgonjwa anayeisubiri. Mwambie achague kati ya mashine ya oksijeni na gata za jengo lisilo na kitanda hata kimoja: akichagua gata nitamshangaa mimi mwenyewe. Watu wa mambo ya kale wana utaalamu na sheria, lakini si wenye kiwanja. Watalii wana hamu, lakini huwezi kuwapitisha katikati ya wodi ya wazazi. Jengo linaanguka kwenye nafasi iliyo kati ya watu watatu, wote wenye akili timamu na kila mmoja akifanya kazi yake sawasawa.

Jumapili, Raskazoni

Nimetembea hadi Raskazoni kwa miguu. Hapa ndipo Waingereza walipoteremka tarehe 2 Novemba 1914 wakiwa na wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambao wengi walikuwa askari Waafrika. Kufikia tarehe 5 walikuwa wanarudi melini. Walipoteza zaidi ya watu 800 kati ya waliokufa, kujeruhiwa na kupotea. Nyuki wa Tanga nao walishiriki, wakiwauma wote bila kubagua bendera. Majeruhi ambao Waingereza hawakuweza kuwachukua waliachwa chini ya uangalizi wa madaktari wa Kijerumani hapa mjini. Mtalii anayesoma juu ya vita vile angelipa kiingilio kuoneshwa hospitali ya zama zile. Nami naona wazo la makumbusho linafaa, ila kwa sehemu tu. Makumbusho ya tiba ya pwani nzima, yenye kwinini, waganga wa jadi, manesi wa kwanza na wabeba machela, yangejaza ghorofa moja na yasingelisha jengo zima.

Hoteli siitaki, na si kwa sababu ya bibi wa Ngamiani tu. Lango la hoteli na lango la wagonjwa haviwezi kuwa kimoja, na kutenga kiwanja maana yake ni kukata ardhi ya hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo itaihitaji.

Ningeanza na mafunzo. Chuo kinataka vyumba vipana, mwanga na hewa. Hakitaki lifti ya vitanda wala bomba la oksijeni. Wanafunzi wa uuguzi wana miguu ya kupanda ngazi zile. Nao wakilowa watalalamika. Ila hata hilo ni la mbali, litataka wahandisi wa kupima boriti na fedha ambazo sitajidai kuzikadiria kwa kutazama nje.

Cha karibu ni kidogo sana. Jioni nimekaa tena na fundi wangu wa chokaa, tukaandika kwenye karatasi ya daftari kazi ambazo hazihitaji uamuzi wowote juu ya hatima ya jengo: kukata na kuua mimea yote kutani, kufungua njia za maji, kuziba paa kwa mabati ya muda palipo wazi, kuweka magogo ya kushikilia veranda zinazotia shaka, kufunga ngazi ili mtoto asipande. Hakuna hata moja inayomzuia mtu wa kesho kufanya chuo, makumbusho au ofisi. Fundi alihesabu kwa vidole. Mimea na maji peke yake, kwa makadirio yake, ni vijana sita, ngazi ndefu, kamba na kama wiki mbili, ikifanyika wakati wa kiangazi.

"Basi tatizo nini?" nikamwuliza.

"Barua," akasema. "Vijana ninao, ngazi naazima. Lakini siwezi kupanda paa la serikali kwa sababu nalipenda. Lazima iwepo barua. Sasa niambie wewe msomi, iandikwe kwa nani? Afya, mambo ya kale, au mkoa?"

Nimemwambia nakala iende kote kutatu. Akanitazama kama mtu aliyewahi kupeleka barua yenye nakala tatu. Hata hivyo tumeiandika, ukurasa mmoja, na orodha ya kazi nyuma yake. Kesho asubuhi kabla ya basi nitaipeleka mwenyewe masjala, nigongewe muhuri wa kupokelewa. Masika kwa kawaida huanza Machi.